Nani Aliipima? Simbilisi, Panya na Historia ya Chanjo ya Pamoja

Mama amefika kituo cha afya asubuhi na mapema, mtoto wa majuma sita mgongoni, kadi ya chanjo mkononi. Muuguzi anatoa kichupa katika jokofu, anasoma tarehe, anavuta nusu mililita na kumdunga mtoto pajani. Mtoto analia, mama anambembeleza, kadi inaandikwa, safari ya kurudi nyumbani inaanza. Katika nusu mililita ile mna kinga dhidi ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na magonjwa yaletwayo na bakteria wa Hib, yakiwemo homa ya uti wa mgongo na nimonia.

Ndugu msomaji, tuulize swali ambalo mama yule hana nafasi ya kuliuliza: nani ajuaye kwamba dawa ile ina nguvu? Maziwa yaliyoharibika hunuka. Unga mbovu huonekana kwa wadudu wake. Lakini chanjo dhaifu hufanana na chanjo imara kama pacha na pacha. Muuguzi hawezi kuitambua kwa macho, wala daktari hawezi. Udhaifu wake hudhihirika baadaye, mtoto anapougua ugonjwa ambao kadi yake yasema amekingwa nao.

Swali hili si la wanasayansi peke yao. Hapa Uganda, Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake amechanjwa. Sheria inapomwekea raia wajibu, raia naye hupata haki ya kujua dola imefanya nini kabla ya kumwekea wajibu huo. Jibu lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na mashahidi wake wakuu ni viumbe wasiosema: simbilisi, farasi na panya mweupe.

Jiwe la mizani

Tuanze na dondakoo. Ugonjwa huu hutanda utando mzito kooni na kumziba mtoto pumzi, na sumu ya bakteria wake hushambulia moyo. Mwaka 1890, huko Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda kidogo kidogo hutengeneza katika damu yake kitu cha kuipinga sumu hiyo; Behring akaonyesha hivyo hivyo kwa dondakoo. Muda si muda, farasi walianza kudungwa sumu ya dondakoo kwa viwango vya kupanda polepole, damu yao ikatolewa, na majimaji yake, yaitwayo seramu, yakatumiwa kuwatibu watoto. Behring alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1901.

Lakini seramu ya farasi huyu haikuwa sawa na ya farasi yule. Mtoto mmoja alipona, mwingine aliyepewa kiasi kile kile akafa, na daktari hakujua kama kosa ni la ugonjwa au la dawa. Ndipo alipoingia Paul Ehrlich. Mwaka 1897 alichapisha njia ya kuipima nguvu ya seramu kwa kumtumia simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye baadhi yetu humfuga kwa ajili ya kitoweo. Alichagua simbilisi wenye uzito wa takriban gramu 250. Alichanganya kiasi maalumu cha sumu na viwango mbalimbali vya seramu, akawadunga, kisha akahesabu siku. Simbilisi aliyekufa alishuhudia kwamba sumu imeishinda seramu. Aliyebaki hai alishuhudia kwamba seramu imeishinda sumu.

Hata hivyo, hekima ya Ehrlich haikuwa katika kuwahesabu simbilisi waliokufa. Alitambua kwamba sumu hubadilika kadiri inavyokaa, na simbilisi nao hutofautiana. Kwa hiyo aliweka seramu moja iliyokaushwa na kuhifadhiwa vizuri, akaifanya kuwa kielelezo, na kila seramu mpya ikalinganishwa na ile. Ni kama sokoni: muuzaji hawezi kukupimia sukari kwa haki bila jiwe la mizani ambalo wote wamelikubali. Mwaka 1922, chini ya Shirikisho la Mataifa, kipimo cha seramu ya dondakoo kilichotokana na kile cha Ehrlich kilikubaliwa kuwa cha kimataifa, na kielelezo chake kikatunzwa Copenhagen. Mataifa yaliyokuwa yametoka kupigana vita vikuu yakawa na jiwe moja la mizani.

Farasi aliyeitwa Jim

Si kila mji ulijali mizani hiyo. Katika mji wa St. Louis, nchini Marekani, palikuwa na farasi aliyeitwa Jim, ambaye zamani alikuwa akivuta gari la maziwa. Uzeeni aligeuzwa kuwa chanzo cha seramu ya dondakoo kwa ajili ya watoto wa mji. Mwaka 1901 Jim alipatwa na pepopunda, akauawa mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba. Seramu yake iliyotolewa mwishoni mwa Septemba, wakati sumu ya pepopunda tayari imo damuni, ilifika hospitalini na majumbani bila kuthibitishwa ipasavyo. Watoto 13 walioletewa dawa ya dondakoo walikufa kwa pepopunda.

Jaribio dogo juu ya simbilisi lingeweza kuifichua sumu ile kabla haijamfikia mtoto hata mmoja. Mwaka ule ule, katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey, watoto wengine tisa walikufa kwa pepopunda baada ya kuchanjwa ndui. Umma ulighadhibika, nalo Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1902 ya kusimamia utengenezaji wa chanjo na seramu: viwanda vikaguliwe na kupewa leseni, na vichupa viandikwe tarehe ya kwisha muda wake. Ile tarehe ambayo muuguzi wetu huisoma kabla ya kuvuta dawa ina asili yake katika misiba ya namna hiyo.

Wanawake wawili na taa ya mafuta

Kwa dondakoo na pepopunda, mambo yaliendelea kwa hatua za kueleweka. Mwaka 1923 Gaston Ramon, nchini Ufaransa, alitangaza kwamba sumu ya dondakoo ikitiwa formalini na kuwekwa kwenye joto hupoteza ukali wake, lakini haipotezi uwezo wa kuufundisha mwili kujikinga. Sumu hiyo iliyotulizwa ndiyo tuiitayo toksoidi. Mwaka 1926 Alexander Glenny na wenzake, nchini Uingereza, walionyesha kwamba chumvi ya alumini huiongezea toksoidi nguvu. Namna ya kuipima ilikuwa wazi: mchanje simbilisi, ngoja majuma kadhaa, mpe sumu, uone kama atasalimika.

Kifaduro kilikuwa fumbo. Bakteria wake alioteshwa maabarani na Jules Bordet na Octave Gengou mwaka 1906, na chanjo nyingi zikatengenezwa kwa kumuua bakteria huyo. Ila hapakuwa na njia ya kujua ipi inafaa. Watengenezaji walipima wingi wa bakteria kwa kuangalia ukungu wa maji ndani ya chupa. Hiyo ni kama kupima utamu wa chai kwa kutazama rangi yake. Mwaka 1931 baraza la madaktari wa Marekani lililochambua dawa liliziondoa chanjo za kifaduro katika orodha yake kwa kukosa ushahidi.

Mwaka uliofuata, katika maabara ya afya ya jimbo la Michigan mjini Grand Rapids, Pearl Kendrick na Grace Eldering walianza kulishughulikia fumbo hilo. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Baada ya saa za kazi walizunguka nyumba za wagonjwa, nyingine zikimulikwa kwa taa za mafuta, wakiwaombea wazazi ruhusa ya mtoto kukohoa juu ya kisahani chenye chakula cha bakteria. Jioni zile ziliwafundisha hali ya familia maskini kiasi ambacho maabara isingeweza. Kuanzia mwaka 1934 waliijaribu chanjo yao kwa kuwalinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa wa mji ule ule. Mwaka 1936 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, aliitembelea maabara hiyo, na baada yake zikapatikana fedha za kuajiri wasaidizi. Matokeo yalikuwa dhahiri: waliochanjwa waliugua kwa uchache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wanawake hao walikuwa tayari wakiichanganya chanjo yao na toksoidi za dondakoo na pepopunda. Sindano moja ikaanza kufanya kazi ya sindano tatu.

Lakini chanjo iliyofaulu Grand Rapids ingewezaje kutengenezwa kwingine ikabaki na nguvu ile ile? Haikuwezekana kila fungu jipya lisubiri miaka mitano ya kuwafuatilia watoto. Ilihitajika mizani ya maabarani. Walitafuta wakishirikiana na wenzao, akiwemo Loney Gordon, mwanakemia Mmarekani Mweusi aliyejiunga nao katika miaka ya 1940. Mwaka 1947 Kendrick na wenzake walichapisha njia ya kumtumia panya mdogo mweupe.

Panya asiyekohoa

Njia yenyewe humshangaza kila aisikiaye mara ya kwanza. Makundi ya panya hupewa chanjo kwa viwango tofauti, na makundi mengine hupewa chanjo ya kielelezo. Baada ya siku 14, kila panya hudungwa bakteria hai wa kifaduro moja kwa moja ubongoni. Kisha hungojwa siku 14 nyingine, na walio hai huhesabiwa. Kwa kanuni zilizozoeleka za Ulaya, jaribio moja huhitaji angalau panya 136: makundi sita ya panya 16, ya chanjo na kielelezo chake, na makundi manne ya panya 10 ya kuthibitisha ukali wa bakteria.

Hapa mwanafunzi makini atanyoosha mkono: Mwalimu, kifaduro ni ugonjwa wa njia ya hewa, hakuna mtoto anayeugua kifaduro ubongoni, na panya huyo hakohoi. Basi ushahidi wake unatuhusu nini?

Swali hilo ndilo moyo wa historia hii, na jibu lake halikutolewa kwa hoja tupu. Kuanzia mwaka 1946, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio kwa maelfu ya watoto likitumia chanjo mbalimbali za kifaduro. Watoto walifuatiliwa, hasa wale walioishi nyumba moja na mgonjwa, maana humo ndimo kinga hupimwa kwa ukweli. Chanjo zile zile zilipimwa pia maabarani kwa njia kadhaa. Taarifa ya mwaka 1956 ilionyesha kwamba chanjo zilizowakinga vizuri panya waliodungwa ubongoni ndizo zilizowakinga vizuri watoto, na zile zilizoshindwa kwa panya zilishindwa kwa watoto. Kwa nini iwe hivyo, haikuwa rahisi kueleza. Lakini shahidi alikuwa amelinganishwa na tukio lenyewe, akaonekana msema kweli.

Kutokana na kazi hiyo, Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango kinachofuatwa hadi leo kwa chanjo yenye bakteria mzima wa kifaduro: dozi moja ya mtoto isipungue yuniti 4 za kimataifa. Nyuma ya tarakimu hiyo moja wamo watoto wa Grand Rapids, watoto wa Uingereza, na panya wasio na idadi.

Kuchanganya si kujumlisha

Mtu aweza kudhani kwamba ukishazipima chanjo tatu mbalimbali, mchanganyiko wake hauhitaji kupimwa. Mpishi yeyote atakukatalia. Ndimu njema na maziwa mema hazifanyi maziwa mema ukizitia chungu kimoja.

Vivyo hivyo chanjo. Bakteria wa kifaduro huchochea mwili uipokee toksoidi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo chanjo ya pepopunda ikiwa ndani ya mchanganyiko huonekana imara kuliko ikiwa peke yake. Ndiyo maana kanuni hutaka sehemu ya pepopunda katika mchanganyiko wenye bakteria huyo ifikie yuniti 40 ikipimwa kwa simbilisi, lakini yuniti 60 ikipimwa kwa panya: kila mnyama ana namna yake ya kushuhudia, na hakimu mwema hupima maneno ya kila shahidi kwa kumjua alivyo. Dondakoo hutakiwa isipungue yuniti 30. Kwa upande mwingine, viungo vingine huumizana. Thiomesali, dawa ya kuzuia vijidudu katika vichupa vya chanjo ya pamoja, huidhoofisha chanjo ya polio ya sindano, na hilo liliwatesa waliojaribu kuviweka pamoja.

Hivyo chanjo ya sehemu tano ya leo hukaguliwa kwa njia nyingi kwa pamoja. Dondakoo na pepopunda hupimwa kwa simbilisi au panya, na kifaduro kwa panya. Homa ya ini huweza kupimwa kwa panya au kwa kipimo cha maabara kisicho na mnyama, na Hib hupimwa kwa kemia, kwa kukadiria kiasi cha sukari maalumu ya bakteria huyo. Kichupa kimoja hupitia mahakama kadhaa kabla ya kuachiwa huru.

Mzigo wa mwenzio

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kusema panya 136 pasipo kufikiri kwamba wengi wao hufa kwa degedege. Mwaka 1959, William Russell na Rex Burch wa Uingereza walichapisha kitabu kilichoweka nguzo tatu za utu katika utafiti: badala ya mnyama tumia njia nyingine inapowezekana; pasipowezekana, punguza idadi; na katika wale wanaobaki, punguza maumivu.

Nguzo hizo zimezaa matunda. Kwa dondakoo na pepopunda, siku hizi yawezekana kumchanja mnyama, kumtoa damu kidogo, na kupima kinga iliyomo katika damu hiyo, bila kumpa sumu ya kumuua. Kinga ya dondakoo hupimwa hata kwa seli zinazooteshwa katika visahani. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kuachwa kwa jaribio la zamani la kuwadunga simbilisi na panya kila fungu ili kutafuta madhara ya jumla, kwa kuwa halikuwa likiongeza usalama.

Kwa kifaduro, mabadiliko ni mazito zaidi. Jaribio la Kendrick lina kasoro ambayo hata watetezi wake huikiri: majibu yake huyumba sana kati ya jaribio moja na jingine, hata fungu jema huhitaji kurudiwa. Kipimo cha damu ya panya badala ya kifo chake kimebuniwa, lakini kukiingiza katika viwanda vyote ni kazi ya miaka. Aidha, nchi nyingi tajiri zimehamia chanjo isiyo na bakteria mzima, ambayo jaribio la Kendrick halifai kuipima. Chanjo ya bakteria mzima, iliyo ya bei nafuu na yenye kinga ya kudumu zaidi, imebaki hasa kwa watoto wa nchi kama zetu. Kwa hiyo panya wanaodungwa ubongoni leo hudungwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya watoto wetu. Tusijifanye hatulijui.

Wala tusikimbilie kusema kipimo kifutwe kesho. Kipimo kipya lazima kilinganishwe na cha zamani kwa uvumilivu ule ule wa majaribio ya Uingereza. Huruma kwa panya isimfanye mtoto kuwa ndiye anayejaribiwa.

Zamu yetu

Kenya ilianza kutoa chanjo ya sehemu tano mwaka 2001, Uganda na Rwanda mwaka 2002, Burundi mwaka 2004, na Tanzania mwaka 2009. Chanjo hizo zimetengenezwa ng'ambo, na siku hizi nyingi hutoka India. Huko ndiko panya na simbilisi hupimiwa, na kiwanda na chanjo hukaguliwa kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani kabla ya shehena kupakiwa. Sisi hupokea kichupa pamoja na karatasi zinazosema kimepimwa.

Lakini mizani haimalizi kazi kiwandani. Chanjo yenye alumini ikiganda barafu huharibika, na nguvu iliyothibitishwa kwa mamia ya wanyama hupotea katika jokofu moja lisilosomwa. Muuguzi anayeandika joto la jokofu asubuhi na jioni ni mrithi wa Ehrlich, ajue asijue. Naye anayeandika tarakimu za kubuni anarudia kosa la St. Louis.

Umoja wa Afrika umeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2040 bara hili litengeneze asilimia 60 ya chanjo linazozihitaji. Mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika mwaka 2021, na makao yake yako Kigali, jirani zetu hapa. Hizo ni habari njema. Ila kiwanda bila mpimaji huru ni duka bila mizani, na historia tuliyoisoma yaonyesha kwamba wapimaji walitafutwa baada ya makaburi kuchimbwa. Sisi tuna nafasi ya kuwatafuta kabla.

Maswali ya kujadili darasani na nyumbani

1. Sheria inapomlazimisha mzazi kuchanja mtoto, ni taarifa gani serikali inapaswa kumpa mzazi huyo kuhusu upimaji wa chanjo?

2. Je, ni haki kuendelea kumtumia mnyama katika kipimo chenye mbadala ambao bado haujakamilika? Toa hoja za pande zote mbili.

3. Katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, joto la jokofu la chanjo huandikwa mara ngapi kwa siku, na nani huukagua uandishi huo? Uliza kwa adabu, kisha ulete jibu.